Safari ya meli isiwe ya wageni peke yao

Mfanyakazi wa nchi hii anayo haki ya likizo, na haki hiyo imeandikwa katika sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo katika kila mwaka wa kazi. Lakini ukimwuliza mwalimu wa Matai, mwuguzi wa Laela au karani wa halmashauri pale Sumbawanga jinsi alivyozitumia siku zake 28, aghalabu utajibiwa kwamba alikwenda kulima, alikwenda msibani, alimalizia ukuta wa nyumba, au alikaa tu nyumbani akingoja siku ziishe arudi kazini. Ni wachache mno watakaokujibu kwamba walimchukua mke au mume na watoto, wakasafiri kwa ajili ya kupumzika na kuiona nchi yao.

Hali hii imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeiona kuwa ni kasoro. Tumekubali kimya kimya kwamba safari ya mapumziko ni jambo la wageni, na safari ya mapumziko kwa meli ni jambo la wageni matajiri. Mwandishi wa makala haya anaamini kwamba imani hiyo ni kasumba, na kwamba watu wa Ufipa wanayo sababu kubwa kuliko Watanzania wengine wengi ya kuitupilia mbali.

Meli mbili za ukoo mmoja

Tuanze na hizo meli za matajiri. Mwezi Januari mwaka 2024 meli iitwayo Icon of the Seas ilianza safari zake za abiria kutoka Miami, Marekani, kuzungukia visiwa vya Karibi. Meli hiyo ina urefu wa mita 365 hivi na sitaha 20, na ikijaa huweza kuchukua abiria wapatao 7,600. Ndani yake mna mabwawa ya kuogelea, majumba ya michezo, maduka na mikahawa. Watu hupanda pamoja na watoto wao, wakakaa juma zima majini wakishuka kisiwa hiki na kile. Mwenye meli ni kampuni ya Kimarekani, lakini bendera inayopepea juu yake ni ya Bahama, na huo ndio utaratibu wa meli nyingi za aina hiyo, zinazoandikishwa katika nchi ndogo zenye kodi nafuu na masharti mepesi. Kazi za jikoni, za kufua na za kutandika vitanda katika meli za namna hiyo hufanywa kwa wingi na watu wa Ufilipino, India na Indonesia, ambao hukaa mbali na watoto wao kwa miezi mingi ili watoto wa wengine wafurahi.

Meli za jamii hiyo hufika hata kwetu. Hutia nanga Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, kisha huendelea kwenye visiwa vya Bukini, Shelisheli na Morisi. Abiria hushuka asubuhi, hutembea Mji Mkongwe, hununua kikoi na karafuu kidogo, na jioni hurudi kula na kulala melini. Bandari hulipwa ada yake, waongoza watalii na madereva wa teksi hupata riziki ya siku moja, na hilo ni jema. Lakini sehemu kubwa ya fedha ya safari hiyo ililipwa kabla msafiri hajaiona pwani yetu, na ilibaki huko huko ilikolipwa.

Icon of the Seas iliundwa Turku, nchini Finland, katika kiwanda ambacho wakati huo kilikuwa cha jamii ya viwanda vya Meyer vya Ujerumani. Na ni kiwanda cha Meyer, katika mji wa Papenburg, kilichounda mwaka 1913 meli nyingine, ndogo kwa urefu lakini kubwa kwa historia, ambayo watu wa Kasanga, Kipili na Kirando hawahitaji kuelezwa habari zake. Meli hiyo ni Liemba.

Historia ya Liemba ni sehemu ya historia ya unyonge wetu na ya kujikomboa kwetu. Wajerumani waliiunda wakaiita Graf von Götzen, kwa jina la gavana wa koloni lao aliyekuwa madarakani wakati wa Vita vya Maji Maji. Waliifungua vipande vipande, wakaitia katika maelfu ya makasha, wakaileta Dar es Salaam, na kutoka hapo ikasafirishwa hadi Kigoma kwa njia ya reli ambayo ilijengwa kwa jasho la Waafrika. Iliunganishwa tena na kushushwa majini mwaka 1915, ikafanywa chombo cha vita. Julai 1916, walipoona wanazidiwa, Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakaitengeneza, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo wenyeji wa upande wa kusini waliliita ziwa hilo, na ambalo Livingstone alilisikia alipofika huko mwaka 1867.

Baada ya Uhuru meli hiyo ikawa mali ya umma. Katika miaka ya 1970 iliondolewa mitambo ya mvuke ikawekewa ya dizeli. Ilibeba mahindi, dagaa, saruji, wanafunzi, wagonjwa na maharusi, kutoka Kigoma hadi Mpulungu nchini Zambia na kurudi. Mwaka 1997 ilibeba maelfu ya wakimbizi waliokuwa wakirejea kwao Zaire, na mwaka 2015 ikabeba maelfu ya ndugu zetu wa Burundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma walipokuwa wakikimbia machafuko. Mwaka 2018 ilisimama ili ifanyiwe ukarabati mkubwa, na serikali ikatenga fedha kwa kazi hiyo.

Basi tunazo meli mbili za ukoo mmoja wa viwanda, zilizotenganishwa na miaka 110. Moja iliundwa kwa ajili ya starehe ya wenye fedha. Nyingine iliundwa kwa ajili ya kututawala, na ikageuka kuwa chombo cha kututumikia. Swali la makala haya ni kama hii ya pili inaweza pia kutupumzisha, na ikiwa inaweza, ni nani watakaopumzika.

Utajiri ulio mlangoni

Kutoka Sumbawanga mjini hadi bandari ya Kasanga ni kilometa 112 hivi, na barabara hiyo inapita Matai na imewekwa lami. Msafiri huondoka kwenye uwanda wa juu wenye kimo cha mita 1,800 hivi, penye baridi ya kuvaa sweta, penye mashamba ya mahindi, maharage na ulezi, akateremka takribani mita 1,000 hadi kwenye joto la ufuko, penye miembe na minazi. Mbele yake kuna ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilometa 650 na kina cha mita 1,470, ambalo kwa kina ni la pili duniani. Nchi nne zinaligawana, na sehemu kubwa kuliko zote, karibu nusu ya eneo lake, ni ya Tanzania.

Katika ziwa hilo mna visiwa. Mbele ya Kipili, wilayani Nkasi, kuna visiwa vya Mvuna, Ulwile, Manda, Kerenge na Nkondwe. Majina haya hayatajwi sana katika madarasa ya Sumbawanga, lakini yanatajwa na wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya, Marekani na Asia. Samaki wadogo wa rangi za kila namna walio katika miamba ya visiwa hivyo hawapatikani popote duniani nje ya Ziwa Tanganyika, na hutokea kwamba samaki wa kisiwa kimoja ana rangi tofauti na ndugu yake wa kisiwa cha pili. Kwa sababu hiyo wafanyabiashara huwauza kwa jina la mahali walikovuliwa. Yuko mtu Hamburg mwenye tangi la kioo sebuleni, ambaye amelijua jina la Ulwile miaka mingi, wakati mtoto wa Namanyere, makao makuu ya wilaya yenye kisiwa hicho, hajawahi kukanyaga ufuko wake. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi.

Si visiwa peke yake. Karibu na Kasanga, katika mpaka wetu na Zambia, mto Kalambo unaanguka kutoka kimo cha zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, na hayo ni miongoni mwa maporomoko marefu kabisa ya Afrika. Juu ya maporomoko hayo, mwaka 2023, wataalamu walitangaza kwamba wamegundua magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale yapata miaka 476,000 iliyopita, ambayo ni ushahidi wa kale kuliko wote unaojulikana wa watu kujenga kwa miti. Na msafiri anayeendelea na meli kwenda kaskazini hupita chini ya milima ya Mahale, yenye hifadhi ya sokwe iliyoanzishwa mwaka 1985, kabla ya kufika Kigoma na Ujiji.

Mtu akiulizwa aitaje safari ya familia kwa meli katika nchi za joto, yenye visiwa, milima, maporomoko, wanyama na historia, hana haja ya kukumbuka Karibi. Safari hiyo ipo, na inaanzia Kasanga.

Mapumziko ni haki

Wako wenzetu watakaosema kwamba katika nchi inayohitaji dawa, madawati na maji, kuzungumza habari za mapumziko ni kuzungumza habari za anasa. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu inatoka katika moyo mwema na katika mafundisho yetu wenyewe. Tulipopata Uhuru kaulimbiu yetu ilikuwa Uhuru na Kazi, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitukumbusha kwamba nchi hujengwa kwa jitihada na maarifa ya watu wake.

Lakini historia ya wafanyakazi duniani inatufundisha kwamba kupumzika kulipiganiwa kama ujira ulivyopiganiwa. Katika mwaka 1936 wafanyakazi wa Ufaransa waligoma kwa mamilioni, na serikali ya Léon Blum ikapitisha sheria ya kuwapa majuma mawili ya likizo yenye malipo. Mwaka huo huo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya likizo yenye malipo, na mwaka 1948 Tamko la Haki za Binadamu likaandika katika ibara yake ya 24 kwamba kila mtu anayo haki ya kupumzika na kupata likizo yenye malipo.

Jambo la kuzingatia katika habari ya Ufaransa ni hili. Serikali ile iliona kwamba kumpa mfanyakazi siku za likizo bila kumpa njia ya kuzitumia ni kumpa nusu ya haki. Kwa hiyo iliweka tiketi maalumu ya treni kwa mfanyakazi na familia yake, iliyopunguzwa bei kwa asilimia 40. Katika kiangazi hicho watu wa viwandani waliozaliwa na kuzeeka katika moshi waliiona bahari kwa mara ya kwanza. Bahari ilikuwapo siku zote, na reli ilikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa nauli ya mtu wa chini.

Hapo ndipo tulipo sisi. Siku 28 tunazo, ziwa tunalo, na barabara ya lami ya kufika bandarini tunayo. Mtumishi wa umma hulipwa hata nauli ya likizo, lakini nauli hiyo imewekwa kwa ajili ya kumrudisha nyumbani kwao, na kwa yule ambaye nyumbani kwao ni hapa hapa Ufipa, haimfikishi mbali. Kinachokosekana ni chombo chenye ratiba ya kuaminika na nauli ambayo familia yenye watoto wanne inaweza kuilipa.

Mkulima naye apumzike

Kosa jingine ni kudhani kwamba likizo ni ya wenye mshahara tu. Wengi katika mkoa wa Rukwa ni wakulima, na hakuna sheria inayowapa siku 28. Msimu ndio unaowapa ruhusa. Mwezi Desemba, shule zinapofungwa, mvua imeanza na mkulima wa Ufipa yuko shambani pamoja na watoto wake. Nafasi yake ya kupumua huja baada ya mavuno, mwezi Juni na Julai, wakati mahindi yamekwisha kuingia ghalani, senti chache zimepatikana, na shule zimefungwa tena.

Lakini miezi hiyo ndiyo miezi ya upepo wa kusini ziwani. Upepo huo huanza kuvuma mwezi Mei na huendelea hadi Septemba, na huinua mawimbi ambayo mvuvi mzoefu huyaheshimu. Kwa hiyo wakati pekee ambapo familia ya mkulima inaweza kusafiri ni wakati ambapo boti ndogo ya mbao, iliyojazwa watu na magunia ya dagaa kupita kiasi, huwa ya hatari kuliko wakati mwingine wowote. Mkulima mwenye busara hawezi kuwapakia watoto wake humo kwa ajili ya matembezi. Wanaopanda hupanda kwa sababu hawana njia nyingine: mama mjamzito wa Wampembe, mwanafunzi wa Kala, mfanyabiashara wa Ninde. Nao kwa miaka kadhaa baada ya 2018 hawakuwa na Liemba ya kuwapokea.

Taifa hili limekwisha kulipa gharama kubwa ya kujifunza maana ya kujaza chombo. Tulilia mwaka 1996 kwa ajili ya MV Bukoba, mwaka 2011 kwa ajili ya MV Spice Islander, na mwaka 2018 kwa ajili ya MV Nyerere, ambayo ilizama mita chache kutoka gati la Ukara na kuua zaidi ya watu 200. Meli kubwa iliyokaguliwa, yenye maboya ya kutosha na nahodha mwenye ujasiri wa kusema “tumejaa”, ni jambo la uhai kabla ya kuwa jambo la starehe. Na uzuri ni kwamba meli ile ile inayomfikisha mgonjwa hospitali kwa salama ndiyo inayoweza kumfikisha mtoto wa mkulima kwenye visiwa vya Kipili kwa salama. Hatuhitaji kuchagua kati ya mgonjwa na mtoto.

Hatari ya dola

Ipo hata hivyo hatari ambayo lazima itajwe mapema. Tangu filamu ya Royal Tour ilipozinduliwa mwaka 2022, nchi yetu imejitangaza kwa nguvu, na wageni wanakuja. Liemba ina sifa duniani. Wageni wengi wameisoma, na wako tayari kulipa fedha nyingi ili walale katika chumba cha meli ya mwaka 1913. Hata kabla ya 2018 wageni walilipa nauli yao kwa dola. Msimamizi wa hesabu anayetazama karatasi yake atashawishika kusema: tuwape wageni meli hii, tupake rangi, tuweke mvinyo, tupunguze vituo vya vijijini ambako upakiaji wa dagaa usiku kucha huwakosesha wageni usingizi, na hao wa daraja la tatu watafutiwe chombo kingine baadaye.

Hesabu hiyo inaonekana nzuri kwa sababu imeacha kuhesabu mambo mengi. Haihesabu gunia la migebuka lililoozea Kala kwa kukosa usafiri. Haihesabu mtoto aliyekosa kurudi shule kwa wakati. Wala haihesabu kwamba mgeni mwenyewe alivutwa na Liemba kwa sababu ni meli iliyo hai, ambamo mama muuza dagaa na mwanafunzi na mchungaji wanasafiri pamoja, na ambayo vijiji vizima huilaki kwa makasia inapopiga honi usiku. Ukiwaondoa wananchi, kinachobaki ni hoteli ya chuma inayoelea, na za namna hiyo mgeni anazo nyingi tena kubwa kuliko yetu.

Hatari hiyo hiyo iko nchi kavu. Katika fukwe kadhaa za Bahari ya Hindi mwananchi amejikuta akizuiwa na uzio wa hoteli kufika kwenye maji aliyoogea utotoni. Fukwe na visiwa vya Kipili bado havijafika huko, na ni vyema visifike. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi yake. Viongozi wa vijiji vya mwambao waitumie sauti hiyo wakijua kwamba mkataba wa siku moja unaweza kuwafunga wajukuu wao, na madiwani wasikubali kisiwa kizima kigeuzwe ua wa mwekezaji mmoja.

Haya si maneno ya kuwachukia wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji apone kweli, asihamishiwe uani.

Mambo ya kufanya

Serikali ya Chama Cha Mapinduzi imekwisha kufanya kazi kubwa ya msingi. Bandari za Kasanga na Kabwe mkoani Rukwa, na ile ya Karema mkoani Katavi, zimejengwa na kuboreshwa. Barabara za lami zimeutoa mkoa huu katika upweke uliousumbua tangu ulipoanzishwa mwaka 1974. Msingi huo sasa ujengewe nyumba, na yapo mambo matano ambayo hayahitaji mabilioni mapya.

La kwanza, ratiba ya meli za ziwani itangazwe na iheshimiwe. Familia inaweza kuvumilia kiti kigumu, lakini haiwezi kupanga safari kwa chombo ambacho hakijulikani kama kitafika Jumatatu au Alhamisi. Ratiba hiyo iendelee kugusa vijiji vyote vya mwambao, maana hivyo ndivyo vyenye haki ya kwanza.

La pili, iwekwe nauli ya familia katika miezi ya Juni na Julai, kwa raia wote, mfanyakazi na mkulima. Meli ikishang'oa nanga imekwisha kuchoma mafuta yake, na chumba kinachosafiri kitupu hakirudishi hata shilingi moja. Ni afadhali chumba hicho kilipiwe nusu na mwalimu mwenye watoto kuliko kisafiri na vumbi. Wageni waendelee kulipa nauli kamili, na ziada hiyo isaidie kuilinda nauli ya daraja la tatu isipande. Na iwekwe idadi ya vyumba ambavyo kamwe havitauzwa nje kabla wananchi hawajapewa nafasi.

La tatu, vyama vya wafanyakazi na vyama vya ushirika viliingize jambo hili katika shughuli zao. Chama kinachomkopesha mwanachama kwa ajili ya bati na pikipiki kinaweza pia kumwekea akiba ndogo ndogo ya safari, mavuno hadi mavuno. Watu 40 wa chama kimoja wakisafiri pamoja, wanaweza kujadiliana juu ya bei ya basi la kwenda Kasanga na ya chakula cha njiani.

La nne, vijiji vya Kasanga, Kipili na Kirando viandae malazi ya bei ya mwananchi. Chumba safi, chandarua, maji ya kuoga, na sahani ya kuhe au migebuka kwa ugali vinatosha. Fedha ya malazi hayo itabaki kijijini. Hapa tutakuwa tumeishinda ile meli ya Karibi, maana abiria wake hula melini, na wetu atakula kwa mama wa Kipili.

La tano, shule zetu ziache kulifundisha ziwa kwa ramani tu. Mwanafunzi wa Sumbawanga anayekariri kwamba Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina anaishi umbali wa saa chache kutoka kwenye ziwa hilo. Kamati za shule na wazazi wakichangia kidogo, na halmashauri ikatoa gari, darasa zima linaweza kuona Kalambo na Kasanga kwa siku mbili. Mtoto aliyeyaona maji hayo kwa macho yake ndiye atakayekataa, akiwa mtu mzima, yachafuliwe au samaki wake wamalizwe kwa nyavu haramu.

Wito

Tusidanganyane kwamba mambo haya yatamnufaisha kila mtu mara moja. Ziko kaya katika uwanda wa Ufipa ambazo hata nauli ya nusu haitazifaa kitu, kwa kuwa mbolea bado haijalipwa. Kwa kaya hizo kazi ya kwanza inabaki kuwa bei nzuri ya mazao, na hakuna nauli ya familia itakayochukua mahali pake. Lakini walio juu kidogo ya hapo ni wengi: walimu, wauguzi, askari, mafundi, wafanyabiashara wadogo, wakulima waliovuna vizuri. Hao wakianza kusafiri, mwenye nyumba ya wageni wa Kasanga atapata, mvuvi atapata, dereva atapata, na chombo cha umma kitapata abiria wa kukitunza kisife.

Kwa viongozi wa mkoa na wa kampuni ya umma inayosimamia meli za maziwa, ombi letu ni moja: kila mnapoketi kupanga nauli na ratiba ya Liemba, waiteni mezani wawakilishi wa vijiji vya mwambao na wa vyama vya wafanyakazi, ili sauti ya dola isisikike peke yake chumbani humo. Na kwa wananchi wa Ufipa, likizo ijayo ihesabiwe mapema. Shamba lipewe siku zake, msiba upewe siku zake, na watoto nao wapewe siku tatu za kuteremka kwenda ziwani.